Ushauri: shule yetu ya chata Minnesota inataka kuongeza darasa la 7 na la 8, mji unadai kibali

Binti_Pangani: Wakuu habari zenu. Naomba ushauri wa haraka kwa wanaojua mipango miji ya Marekani. Nipo kwenye bodi ya shule ya chata, zile za umma zisizo na ada zinazoendeshwa na bodi yake kwa mkataba, kwenye kitongoji karibu na Minneapolis. Tuna chekechea hadi la 6, tunataka kuongeza la 7 na la 8. Jengo ni letu, maegesho tunayo. Mji unasema kibali chetu cha matumizi yenye masharti, yaani ruhusa ya mji ya kuendesha shule kwenye kiwanja hiki kwa masharti yaliyoandikwa, lazima kirekebishwe na majirani wasikilizwe. Wameshaanza kulalamikia magari. Tunaweza kukataliwa? Usingizi sipati.

MzeeWaKanuni: Dada, anza na kibali chenyewe. Kinafuata kiwanja, si mkurugenzi, na nakala yake imesajiliwa kaunti. Kisome sharti kwa sharti, maana vibali vya shule mara nyingi hutaja madarasa yanayoruhusiwa na idadi ya juu ya wanafunzi. Kwa sheria ya Minnesota mji una siku 60 za kuamua tangu maombi kamili yapokelewe, na unaweza kujiongezea 60 nyingine kwa barua yenye sababu. Siku zikipita bila kukataa, maombi yamekubaliwa. Tangazo la kikao cha hadhara hutoka angalau siku 10 kabla, na wenye viwanja ndani ya futi 350 huandikiwa barua. Majirani kusema "hatutaki" peke yake si sababu ya kukataa. Baraza linahitaji hoja zenye ushahidi.

Kassim_Hesabu: Kwangu swali ni pesa. Ruzuku ya pango, ile jimbo linayosaidia shule ya chata kulipa kodi ya jengo, ni asilimia 90 ya gharama iliyoidhinishwa au dola 1,314 kwa kila kizio cha mwanafunzi, yoyote iliyo ndogo. Kuanzia la 7 mtoto mmoja huhesabiwa kizio 1.2. Watoto 60 ni vizio 72, yaani ukomo wa dola 94,608. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kubomoa ukuta wowote.

MwalimuStaafu: Wanangu, mnazungumzia ukuta na ruzuku. Mtoto wa miaka 13 anahitaji maabara, uwanja na mwalimu wa hesabu aliyebobea. Kama la 3 bado hawasomi vizuri, la 8 la nini? Wazazi wetu ugenini wanaamini shule ikiwa na watu wanaoongea lugha yao basi yatosha. Haitoshi.

Ramani1: Mwalimu, hoja yako nzito ila baraza la mji halipimi ufaulu, linapima matumizi ya ardhi. Wanachotazama ni foleni ya asubuhi. Kila gari huchukua kama mita 7, kwa hiyo magari 40 kwa mkupuo ni mita 280. Njia ya ndani ya kiwanja ikiwa mita 150, zilizobaki zinamwagika barabarani mbele ya lango la jirani. Tiba inayokubalika: la 7 na la 8 waingie dakika 30 mbali na wadogo, mabasi yawe na mlango wake, na hayo yaandikwe kama masharti mnayoyapendekeza wenyewe. Vyumba navyo: kanuni za ujenzi huhesabu futi za mraba 20 kwa kila mtu darasani, karakana 50.

Ila Binti, kuna kitu umekiruka. Kibali kinasema wanafunzi wangapi, na leo mnao wangapi?

Binti_Pangani: Kinasema 240, chekechea hadi la 6.

Ramani1: Na leo?

Binti_Pangani: 251. La 7 lipo tangu Septemba, watoto 22. Msimamizi wa mkataba aliridhia, idara ya elimu ya jimbo ikakubali, tukajua imetosha. Wale watoto wangeenda wapi? Wazazi walituomba. Siwezi kuwarudisha nyumbani katikati ya mwaka, na bodi imeshaanza kuandikisha la 8.

MzeeWaKanuni: Hiyo ndiyo kesi yako, magari ni nyongeza tu. Ridhaa ya jimbo ni ya mkataba, haigusi ardhi. Mmevunja masharti mawili, na mji unaweza kuchukua hatua hata kabla ya kikao. Msingoje jirani aseme. Mwandikieni ofisa mipango leo: la 7 lipo, idadi ni hii, tunaomba hatua zisimame wakati maombi yanashughulikiwa. Uandikishaji wa la 8 usimame. Na ombeni ukomo wa miaka mitano mbele, tuseme 320, msirudi tena mwakani kwa ada nyingine na hasira zilezile.

Tausi: Samahani wakuu, hii ni chai. Minnesota pesa ya jimbo hairuhusiwi kununua ardhi wala jengo la shule ya chata. Mleta mada kasema "jengo ni letu". Mjumbe wa bodi asiyejua hilo?

Kassim_Hesabu: Hata mimi nilishtuka. Nimeleta hesabu ya ruzuku ya pango, hakuuliza pango gani.

Binti_Pangani: Si chai. Jengo ni la kampuni ya majengo isiyo ya faida iliyoundwa kwa ajili ya shule, sheria inaruhusu. Shule inapanga kwake. Tumezoea kusema letu.

Ramani1: Kama ni hivyo, fomu ya maombi kasaini nani?

Binti_Pangani: Mkurugenzi wa shule.

Ramani1: Peke yake? Miji mingi inataka sahihi ya mwenye mali. Ikikosekana, maombi si kamili na zile siku 60 hazijaanza. Mji una siku 15 za kazi kuwaambia kwa maandishi nini kimepungua. Msizisubiri. Pelekeni sahihi ya mwenyekiti wa ile kampuni, pamoja na mchoro wa foleni na ratiba mpya ya kuingia.

Tausi: Weka ukurasa wa masharti hapa, futa majina na anwani.

Binti_Pangani: Nitauweka kesho nikiupata ofisini. Sahihi nazifuata asubuhi. Ila la 7 silifungi.

MzeeWaKanuni: Hakuna aliyesema ulifunge. Barua kwanza, kabla ya sahihi.