Mliolea njiti (watoto waliozaliwa kabla ya wakati) hospitalini, tupeane uzoefu

Mama Gramu 980
Wakuu, leo sokoni nimemwona dada kamfunga mtoto kifuani kwa kitenge, kofia ya sufu imemshuka mpaka machoni. Miguu ikaniisha nguvu. Nikarudi 2019, wodi ya kangaruu, ile ya kulea njiti kifuani ngozi kwa ngozi, mimba ya wiki 29, mtoto gramu 980. Tulilala pale siku 41. Aliyepita huko aje tuongee.

Binti Pangani
Nipo. Kukamua kila saa mbili, mililita 3 zipite kwenye mrija wa puani. Mililita tatu tu! Unakamua unalia.

Babu Kijiweni
Wa miezi saba hupona, wa minane ndiye haponi. Wazee walisema.

Nesi Zamu ya Usiku
Shikamoo babu, ila hapana. Kila wiki anayoongeza tumboni ni nafuu yake. Wa wiki 28 mapafu hayana ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandane, ndiyo maana mama mwenye uchungu wa mapema huchomwa sindano ya kuyakomaza. Akichelewa kufika, sindano haipati muda wa kufanya kazi.

Babu Kijiweni
Marahaba. Wangu wa miezi minane nilimzika 1987. Usiwaite wazee waongo.

Nesi Zamu ya Usiku
Pole sana babu. Sijawaita hivyo.

Baba Kulwa
Hili sijawahi kuliandika popote. Pacha, wiki ya 30. Kulwa gramu 1,200, Doto 1,050. Usiku wa sita umeme ukakatika, jenereta haliwaki, mlinzi anahangaika kumtafuta mwenye ufunguo. Nesi mmoja, watoto kumi na tisa. Akapaza sauti: "Kila mama amtoe mwanawe, ngozi kwa ngozi!" Mke wangu ana mshono, wawili hawawezi. Nikavua shati mbele ya kina mama wote, Doto akalazwa kwangu. Kamoyo kanadunda kama ka kifaranga. Akasahau kupumua, nikamkuna unyayo kama tulivyofundishwa, akashtuka. Mara ya pili, akashtuka. Ya tatu sijui kama nilisinzia. Nilichokuta ni kifua changu cha moto na yeye kimya. Nesi alimpulizia hewa kwa ule mfuko wa kupumulishia mpaka taa zikarudi. Kulwa sasa yuko darasa la tatu. Kila anayesikia jina lake humuuliza, Doto yuko wapi?

Binti Pangani
Ee Mola. Pole kaka yangu.

Kijana wa Tegeta
Taja hospitali! Jenereta bila ufunguo ni uuaji.

Mama Gramu 980
Usimlazimishe. Kama hujalea njiti kaa usome.

Kijana wa Tegeta
Mkikaa kimya kesho ni mtoto wa mwingine.

Nesi Zamu ya Usiku
Baba Kulwa, tafadhali nisikilize. Si usingizi wako. Ubongo wa njiti haujajua kuendesha pumzi, hata ndani ya mashine ya joto husahau. Ulifanya lililo sahihi: utafiti wa 2021 wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulikuta vifo vimepungua kwa robo kwa waliowekwa kifuani mara tu walipozaliwa, bila kungoja hali itulie.

Mama Wawili
Kwa maziwa, uji wa pilipili manga. Na asiogeshwe mpaka afike kilo mbili na nusu.

Binti Pangani
Supu ya pweza ndiyo mwisho wa maneno. Wangu aliogeshwa hajafika hata mbili, mzima.

Mwalimu wa Shamba
Walioajiriwa, mdai likizo yenu. Tangu 2025 sheria ya kazi ya Tanzania inamwongezea muda aliyejifungua njiti. Mimi nilirudi darasani mwanangu akiwa bado wodini.

Nipo Wodini
Naandika nikiwa kitandani. Wiki ya 31, siku ya nne. Kazaliwa na 1,340, leo mzani umesema 1,260. Anakufa?

Nesi Zamu ya Usiku
Hapana mdogo wangu. Wiki ya kwanza hushuka, hata sehemu ya kumi ya uzito wake. Endelea kukamua. Baba yake yuko?

Nipo Wodini
Yuko nje kwenye benchi. Anaogopa kumshika.

Baba Kulwa
Mwambie aingie, avue shati.