Donge la unga la kuchezea linanata na kutoa maji, nakosea wapi?

MamaWawili:
Habari zenu wapendwa. Naomba msaada kwa wenye watoto wadogo au wanaoshinda nao. Ninao wawili, mkubwa miaka minne na mdogo miezi kumi, na siku hizi mvua haikatiki kwahiyo tunashinda ndani asubuhi mpaka jioni, simu sitaki waizoee na midoli wameshaichoka. Juzi nikasema ngoja nimtengenezee mkubwa lile donge la kuchezea la unga na chumvi, nikachukua unga wa ngano, nikatia chumvi ile ya mawe, maji ya baridi, nikakanda hapohapo bila kupika, vipimo nilikisia tu kwa macho. Likawa linanata jamani, mtoto kaingiza vidole vyote kumi, kuvitoa haviwezi, akaanza kulia anataka kunawa, nikaongeza unga likawa linakatikakatika, nikaongeza maji likanata tena. Usiku nikalitia kwenye kopo nikalifunika nikaweka kwenye friji, asubuhi nafungua nakuta juu kuna matone ya maji kama limetoka jasho na chini limelegea kama uji. Nimelitupa lakini roho imeniuma maana mtoto aliamka analiulizia.

Sasa naomba kujua nilikosea wapi, na pia kama kuna vitu vingine vya kutengeneza nyumbani ambavyo na huyu mdogo anaweza kushiriki maana yeye kila kitu ni mdomoni. Na kama kuna kitafunwa chepesi mkubwa anaweza kunisaidia kuandaa nitashukuru sana.

TichaWaVidudu:
Pole mama, kosa lako ni dogo tu na wengi tumepita hapo. Mi nafundisha watoto wa miaka mitatu hadi mitano na hilo donge nalipika karibu kila mwezi. Neno lenyewe ndio hilo, KULIPIKA. Ukikanda unga na maji ya baridi, maji yanakuwa hayajaingia vizuri ndani ya unga, ndio maana linanata mkononi. Likipata moto ule wanga unavimba unayanywa maji yote na donge linakuwa laini kama sikio.

Vipimo vyangu: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vikombe 2 vya maji, vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya kula na vijiko vikubwa 2 vya maji ya limao. Vyote kwenye sufuria kabla hujawasha jiko, koroga mpaka mabonge yaishe, kama unataka rangi moja tia sasa hivi. Halafu moto mdogo, na mwiko usitoke mkononi. Mwanzo utaona kama uji na utaanza kuwa na wasiwasi, endelea tu, ghafla litaanza kuacha kuta za sufuria na kujikusanya kwenye mwiko, hapo bana kipande kidogo na vidole (angalia usiungue), kama hakinati epua. Kwangu ni dakika tano hivi, jiko likiwa dogo zaidi kidogo. Limwage mezani lipoe mpaka mkono unaweza kuvumilia ndio ukande vizuri.

Kuhusu yale maji ya asubuhi, ni chumvi hiyo. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, na msimu wa mvua hewa yote ni maji, halafu ile ya mawe haikuyeyuka ikawa inaendelea kuyeyuka usiku ndani ya kopo. Tumia laini, na kama huna basi iyeyushe kwanza kwenye maji ya moto. Na usilifunike likiwa na moto hata kidogo, mvuke unarudi kuwa maji. Likishapoa kabisa lifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, weka mahali pakavu penye ubaridi, friji sio lazima. Langu linakaa wiki kadhaa, likianza kutoa harufu au madoa natupa bila kujadiliana na mtu.

Ila huyo wa miezi kumi asilishike kabisa, wenzangu wataeleza.

NesiMlezi:
Naunga mkono ticha na naomba niongezee hapo hapo kwa mdogo. Kwa vipimo hivyo kama robo ya uzito wa donge zima ni chumvi, kwahiyo mtoto mchanga akimeza vipande anaweza kupata chumvi nyingi mno mwilini na hilo ni jambo la hospitali, sio la kusubiri kesho. Mkubwa akilamba kidogo atatema mwenyewe maana ni chumvi kali, lakini mdogo hana akili hiyo. Na kama nyumbani kuna mbwa, donge lifiche kabisa asilifikie, mbwa wamekufa kwa kula hayo madonge.

Lingine ambalo watu hawalijui, unga wa ngano mbichi sio salama kulambwa, unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha kwasababu haujapita kwenye moto. Hiyo nayo ni sababu ya kupika, na hata mkitengeneza keki msiwaachie walambe bakuli.

Kwa huyo mdogo mtengenezee rangi ya kula. Mtindi mzito usio na sukari, gawa kwenye vibakuli viwili vitatu, kimoja tia maji ya bitiruti (kile kiazi chekundu), kingine maji ya mchicha uliochemshwa ukapondwa, mvue nguo abaki na nepi, mkalishe kwenye sinia kubwa au kwenye beseni tupu, mwache apake. Akila, amekula mtindi. Hakikisha tu mtindi umeshampa siku za nyuma na haukumdhuru. Manjano nayo inatoa rangi nzuri sana ila haitoki kwenye nguo, iache kama hujajiandaa.

Na kwenye vitafunwa, asali hapana kabisa kwa aliye chini ya mwaka mmoja, hata ndani ya biskuti, maana inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo jiko la nyumbani haliziui na tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupambana nazo. Karanga nzima subiri miaka mitano. Zabibu zikate kwa urefu vipande vinne, sio duara, duara ndio linaloziba koo.

BibiWaWajukuu7:
Mwanangu, hongera kwa moyo huo. Mimi sina vipimo vya kukupa kwenye donge, mwalimu kamaliza. Nataka nikuambie kitu kimoja nilichokiona kwa wajukuu. Umesema ULIMTENGENEZEA. Jaribu kumwachia atengeneze yeye. Mpe kikombe achote unga mwenyewe, mfundishe kusawazisha juu kwa upande wa kijiko, ahesabu moja, mbili, amwage. Utamwagika mezani, ndiyo, tandika kitambaa kikubwa chini kabla. Mjukuu wangu wa miaka minne tulichukua nusu saa nzima kupima vikombe viwili tu vya unga kwasababu kila alichokisawazisha alikirudisha akarudia, na siku hiyo donge tulipolimaliza alilichezea dakika kumi akaondoka. Mchezo kwake ulikuwa kule kupima. Jikoni kwenye moto kaa wewe, yeye asimame mbali akuambie anaona nini kwenye sufuria.

Na huyo mdogo chukua kopo kubwa lenye mfuniko wa plastiki, toboa tundu la kupita ngumi yake, kingo zikikwaruza zibandike utepe, jaza vitambaa vya rangi rangi uvikunje ndani, awe anavuta kimoja kimoja. Vikiisha dada yake au kaka yake anarudisha. Hapo wote wawili wana kazi.

BabaPacha:
Mama wawili, mi wangu ni mapacha wa miaka minne na kinachowashika kuliko vyote ni kornfulawa na maji. Naongelea ule wanga mweupe laini wa mahindi wa kukazia supu, sio unga wa mahindi wa kawaida, huo haufanyi kitu. Vikombe viwili vya kornfulawa kwa kikombe kimoja cha maji, tia maji taratibu, kikitosha utajua maana kijiko ukikivuta haraka kinagoma na ukikivuta polepole kinapita. Yaani ukipiga ngumi juu ni gumu kabisa, ukilikamata mkononi ukalifinya linakuwa bonge, ukifungua kiganja linamwagika katikati ya vidole kama maziwa. Wa kwanza alilifinya akalishika juu, akafungua mkono, akatazama kiganja, akatazama bakuli, akanitazama mimi, akafinya tena. Hivyo hivyo karibu saa nzima jamani hakuna aliyesema neno. Sababu yake ni kwamba chembe za wanga zinaelea kwenye maji, ukizisukuma ghafla zinabanana hazipati nafasi ya kupishana, ukienda polepole zinateleza.

Onyo: USIMWAGE kwenye sinki, wanga unazama chini ya bomba unakaza. Mi iliniziba, nikafungua bomba lote chini. Acha likauke kwenye bakuli liwe unga tena, kung'uta kwenye takataka. La sakafuni nalo likikauka linafagilika.

Halafu kwasababu umesema mvua, mapovu! Vikombe 4 vya maji ya vuguvugu, koroga nusu kikombe cha sukari iyeyuke, tia nusu kikombe cha sabuni ya maji ya vyombo, koroga polepole usitoe povu, kaa nayo mpaka kesho yake ndio nzuri zaidi. Povu linapasuka likikauka, sukari inachelewesha kukauka, na hewa ya mvua ina unyevu kwahiyo mkikaa mlangoni mvua ikinyesha mapovu yanadumu kuliko siku ya jua. Tengeneza kitanzi cha waya uzungushie uzi, ncha za waya zikunje ndani. Mrija usimpe mtoto wa miaka minne, anavuta badala ya kupuliza.

MamaWawili:
Asanteni mno, bibi shikamoo. Nimesoma yote mara mbili. Kitafunwa je, mkubwa anachoweza kuandaa karibu chote mwenyewe?

TichaWaVidudu:
Ndizi 2 zilizoiva sana, zile zenye madoa meusi, na kikombe 1 cha oti. Azimenye, aziponde kwa uma kwenye sahani, achanganye, akae dakika kumi oti inywe ule unyevu, achote kwa kijiko abandike kwenye trei iliyopakwa mafuta na kuzibonyeza ziwe bapa. Oveni nyuzi 180 dakika 15 mpaka kingo ziwe kahawia. Kama huna oveni kaanga kwenye kikaango moto mdogo na mafuta kidogo, geuza mara moja tu zikishakaza chini. Sukari hamna, ndizi inatosha, na zikiwa laini hata mdogo anaweza kupata kipande ukiwa umekaa naye. Mdalasini kidogo ukipenda.

Ila siku ya biskuti isiwe siku ya donge. Wakubwa tunajua hiki cha kula hiki cha kuchezea, mtoto anaona mikono ileile, bakuli lilelile.

MamaWawili:
Nimerudi na majibu. Jana tumepika donge, kachota mwenyewe unga, kikombe cha pili alikirudisha mara nne kama bibi alivyosema nikajikaza nikakaa kimya. Kwenye sufuria kweli lilikuwa uji nikataka kuongeza unga, nikakumbuka maneno ya ticha nikaendelea kukoroga na mkono unauma, mara likajikusanya lote kwenye mwiko, mtoto kule mlangoni anapiga kelele "mama limekuwa moja!" Halinati kabisa. Katengeneza nyoka, kayapanga kwa urefu kwenye meza, baba, mama, yeye na mdogo, na wa mdogo kaufanya mfupi sana.

Mdogo alikuwa kwenye beseni na mtindi wa pinki mpaka kwenye nyusi. Leo asubuhi nimefungua donge, kavu, laini, hakuna tone. Ndizi nazo nimeziacha ziendelee kuiva, kila akipita anazihesabu madoa.