Taa za dashibodi zinanichanganya, na simu inapiga muziki lakini mazungumzo hayatoki

MamaNuru

Habari zenu wakuu. Nina gari otomatiki nililonunua kwa mtu, limeshatumika, na kitabu chake sikupewa. Naombeni mnisaidie kulisoma.

Kwanza kuna alama ya spana ya njano. Nimemwaga oili, nimebadilisha na chujio, spana imeganda palepale. Pili, wiki iliyopita imezuka alama kama kwato yenye mshangao katikati. Nikiwasha gari inapepesa kama dakika nzima, halafu inatulia ikiwa inawaka. Upepo nimepima taili zote, uko sawa.

Tatu, skrini ya katikati inaniandikia 8.1 L/100km. Lake shemeji yangu linaandika 12.3 km/L, na hanipi raha, eti langu ni linywaji kuliko lake.

Nne ni simu. Nimeiunganisha na redio kwa Bluetooth, muziki unapiga vizuri kabisa, lakini mtu akipiga sauti inatokea kwenye simu yenyewe, spika za gari kimya. Kitufe cha kupokelea kilichopo kwenye usukani nacho nikibonyeza hakuna kitu. Hata honi siku nyingine inagoma, hasa nikiwa nimekata kona.

Mengine ni safi. Nikifungulia swichi inawaka nyekundu ya betri, ya oili, na ile ya mtu aliyekaa na mpira kifuani, halafu injini ikishika zinazima zote kwa pamoja. Taa ya injini ndiyo haijawahi kuwaka hata siku moja, namshukuru Mungu injini ni nzima.

Kipanga_T

Dada usijisumbue. Chomoa waya hasi wa betri, kaa dakika kumi, rudisha. Hizo taa zote zitapotea zenyewe, na fundi hutamlipa.

Waya_na_Fyuzi

Kipanga, la kuchomoa betri tuliache. Unafuta kumbukumbu ambayo fundi angeisoma, na redio nyingine ikikosa umeme inakudai namba ya siri. Huyu hata kitabu hana, hiyo namba ataitoa wapi? Tatizo likiwa bado lipo, taa itarudi tu.

MamaNuru, maswali yako manne ni mepesi na nitayajibu. Kilichonishtua ni hiyo aya ya mwisho, uliyosema ni safi.

Kazi yangu ni umeme wa magari, na gari nisilolijua huwa naanza nalo hivi: liweke kivulini ili taa zionekane, fungulia swichi lakini usipige stata, tulia uangalie. Kwenye swichi gari linajikagua, kwa hiyo taa za tahadhari zinatakiwa ziwake. Baada ya hapo kila moja ina tabia yake. Ya betri na ya oili hubaki zinawaka mpaka injini iwashwe, kwa sababu injini ikiwa imezima hakuna chaji wala msukumo wa oili. Ya injini, ile ya njano, kwa gari nyingi nayo inabaki. Lakini ya mfuko wa hewa, huyo mtu wako mwenye mpira kifuani, inatakiwa izime yenyewe baada ya sekunde chache, kama sita hivi, hata kama stata hujaigusa.

Yako unasema inazima pamoja na ya betri. Kama kweli inasubiri injini, nina wasiwasi kuna mtu ameunga waya wake kwenye taa ya betri, ili mnunuzi aione ikiwaka na kuzima kama kawaida. Ni ujanja wa zamani. Na taa ya injini isiyowaka hata kwenye swichi haimaanishi injini ni nzima, maana yake taa haipo. Nimefungua dashibodi nikakuta balbu imeng'olewa. Nyingine nilikuta taa yenyewe nzima, ila mbele yake kumebandikwa kipande cha utepe mweusi, kimekatwa kwa wembe vizuri kabisa kufuata umbo la injini. Nilikiangalia nikasikitika, mtu mwenye mkono mzuri vile angeweza kutengeneza ubovu wenyewe.

Sasa unganisha na mambo uliyoyataja bila kuyahusisha: kitufe cha simu kwenye usukani kimekufa, honi inagoma kwenye kona. Ndani ya usukani kuna utepe mwembamba wa nyaya uliojiviringisha kama mkanda wa kaseti, unakaza na kulegea kadiri unavyokata usukani. Humo humo hupita umeme wa honi, wa vitufe na wa mfuko wa hewa wa dereva. Ukikatika, vyote vinaanza kusumbua, na taa ya mfuko wa hewa inawaka moja kwa moja. Ukinihoji kwa nini mwenye gari wa kwanza aifiche, jibu langu ndilo hilo.

Usimruhusu mtu kuchokonoa hapo na taa ya kupimia. Soketi za mfuko wa hewa kwa kawaida ni za njano, na umeme kidogo tu unaweza kuulipua usoni kwako. Betri inachomolewa kwanza, mnasubiri dakika kadhaa, ndipo usukani unafunguliwa. Kabla ya yote tafuta mwenye mashine ya kusoma. Chini ya usukani kuna soketi ya pini 16. Kompyuta inatunza namba za hitilafu hata kama taa imefungwa kitambaa machoni.

Haya, maswali yako. Spana: gari halionji oili, linahesabu kilomita tu. Ni lazima uliambie kuwa umeshabadilisha. Kila aina ina njia yake. Kwa Toyota nyingi unaweka skrini isome TRIP A, unazima swichi, unashikilia kitufe cha tripu, unafungulia swichi ukiwa bado umekishikilia mpaka zitokee sifuri. Kwato: hiyo ni taili iliyokatwa ukiiangalia kwa mbele. Ikiwaka tu bila kupepesa, kimbilia upepo. Ikipepesa kwanza kama yako, mfumo haumsikii mmojawapo wa sensa, na mara nyingi ni betri ndogo iliyo ndani ya sensa imeisha. Mafuta: gawa 100 kwa 8.1, unapata 12.3. Mwambie shemeji mnalingana.

Na kwa kuwa uliitaja ya oili: ile nyekundu, kikopo chenye tone, haisemi oili imepungua. Inasema msukumo umekosekana. Ikiwaka unaendesha, usijipe moyo kwamba gereji iko karibu. Kaa pembeni, zima injini hapo hapo, pima kwa kijiti. Taa ya injini ya njano, ukishairudisha, ikiwaka bila kupepesa unaweza kufika kwa fundi taratibu. Ikipepesa, injini inakosa moto kwenye silinda na petroli isiyoungua inaenda kuunguza kichujio cha moshi. Hapo punguza mwendo, usikanyage.

BabuGia

Fundi kamaliza, mimi nichangie la simu maana nilihangaika nalo sana kwa gari la binti yangu.

Bluetooth ya gari ina njia mbili, moja ya muziki na moja ya mazungumzo, na unaweza kuwa umeunganishwa njia moja tu. Ingia kwenye mipangilio ya simu, kwenye Bluetooth, gusa jina la gari lako. Utaona vitufe viwili, cha simu na cha sauti au midia. Washa cha simu. Kikigoma, futa gari kwenye simu na ufute simu kwenye redio, pande zote mbili, halafu unganisha upya. Usishangae kukuta redio ina majina ya simu za watu usiowajua. Zifute, redio nyingine zikijaa hazipokei mpya. Simu itakuuliza kama gari lisome majina yako, ukikataa utaona namba tupu kwenye skrini.

Ukishafanikiwa, watu watakwambia wanajisikia wenyewe wakirudi. Maiki mara nyingi iko juu, karibu na taa ya ndani au kioo, na inanasa sauti ya spika. Punguza sauti ya redio, elekeza feni ya hewa pengine.

Ila mama Nuru, usikubali hicho kitu kikudanganye. Strayer na Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah walipima mwaka 2001, wakakuta anayeongea bila kushika simu anapitwa na ishara za barabarani na anachelewa kuzijibu sawasawa na aliyeishika. Mikono iko huru, akili haipo. Kwa mwendo wa 80 unakata mita 22 kila sekunde. Mimi napokea, nasema "nipo barabarani, nitakupigia", nakata.

MamaNuru

Fundi na Babu Gia, asanteni sana. Simu imekubali, kitufe cha mazungumzo kilikuwa kimezimwa. Shemeji nimempa hesabu, kanyamaza.

Nimekaa kivulini kama ulivyosema. Mtu wa mpira kifuani hakuzima. Nimehesabu mpaka nikachoka, bado anawaka, nikapiga stata akazima sambamba na betri. Nimempata kijana mwenye mashine: namba ya mfuko wa hewa wa dereva ipo, na nyingine ya injini, P0420. Anasema utepe wa usukani abadilishe kesho. Nimwambie nini?

Waya_na_Fyuzi

P0420 ni kichujio cha moshi kutofanya kazi yake, au sensa yake inadanganya. Kinasubiri, ila asikuuzie kichujio kabla hajapima sensa na uvujaji wa moshi.

Utepe wa usukani ubadilishwe, lakini mwambie mambo mawili. Taili za mbele ziwe zimenyooka kabla hajafungua, na utepe mpya ufungwe ukiwa katikati kabisa, raundi sawa kila upande. Akiukosea, utakatika siku ya kwanza ukikata kona mpaka mwisho. La pili, autoe huo waya uliounganishwa na taa ya betri na kurudisha taa ya injini. Kabla hujamlipa, kaa kwenye kiti, fungulia swichi, usipige stata.