Naomba ushauri: vyura wachanga wanatoka na miguu ya mbele dhaifu

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nipo Minneapolis, nafuga jozi ya vyura wa sumu wa buluu, Dendrobates tinctorius wa Suriname, kwenye tenki la kioo lenye mimea. Msiogope, wakizaliwa na kukulia kwenye tenki hawana sumu. Porini huipata kwa wadudu wanaowala.

Wazazi hawana neno: wanataga, mayai yanaanguliwa. Shida huanza viluwiluwi wanapoota miguu ya mbele. Inatoka myembamba kama uzi, kiwiko hakikunji, na kachura kanashindwa kujiinua majini. Wengi wanakufa. Lakini wachache wa uzao huohuo hutoka wazima kabisa, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Joto ni nyuzi 24. Kila kiluwiluwi ana kikombe chake chenye jani kavu la mkungu. Nzi wa matunda ninaowalisha wazazi nawapaka unga wa kalsiamu wenye vitamini D3. Nimebadilisha chakula cha viluwiluwi, nikapunguza na kina cha maji, wapi!

Je, niendelee kutafuta tatizo kwenye vikombe, au mama ndiye anayekosa vitamini A? Na kama ni hivyo, nimpe mara ngapi kwa mwezi bila kumzidishia?