Mdogo wangu kaacha shule kidato cha tatu, lawama ni ya nani?

Wakuu, niko Kwa Mrombo, Arusha. Dogo sasa anapiga debe stendi ya Kilombero. Ada ilifutwa 2016, sawa, ila nauli na daftari hazikufutwa. Mama anawalaumu walimu. Mimi namlaumu mzee: alimwona stendi saa nne asubuhi, akanyamaza.

— Mimi mwalimu. Mtoto akitoroka tunaita mzazi. Haji!

— Kwetu ni Mirerani. Akishaonja hela ya machimbo, utamwambia nini kuhusu aljebra?

— Dogo mwenyewe umemuuliza, mkuu?

Nimemuuliza jana, kwa mara ya kwanza (naona aibu kuandika). Alirudishwa nyumbani kwa kukosa viatu vyeusi. Viatu! Mwezi ule nilinunua simu.