Madalali wa Kilindini, acheni kuwauzia wageni wa meli Malindi kwa picha za Lamu!

Wanajamvi, salamu. Leo naandika na hasira na sitaificha. Mimi ni mtembeza wageni hapa Malindi, huu mwaka wa 11, na lililonipata wiki iliyopita limenikaa kooni mpaka sasa.

Meli ya watalii ilifunga gati Kilindini, bandari ya Mombasa. Saa 1 asubuhi dalali mmoja wa magari akanipigia: ana wageni 9 wanakuja Malindi, niwaandalie mashua ya kwenda kwenye matumbawe, chakula cha mchana, na mtu wa kuwatembeza magofu ya Gede. Nikamuuliza, meli inaondoka saa ngapi? Akanijibu, "Kaka, wewe tayarisha tu, muda upo." Nikamuamini. Nikaenda kwa mama mmoja anayepika mtaani Shela (Shela yetu ya Malindi, si ile ya Lamu), nikamwachia pesa kidogo ya kuanzia. Samaki akawakopa kwa jina langu. Akaanza kupika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akakamua na ukwaju. Nahodha naye akatia mafuta, maana siku hiyo maji yalikuwa yanakupwa kabla ya adhuhuri, na matumbawe unayaona vizuri maji yakiwa yametoka.

Saa 5, kimya. Saa 6 mama akapiga simu. "Mwanangu, wageni wako wamefika wapi? Wali unapoa huu."

"Wako njiani, mama. Niwie radhi."

Wakafika saa 7 na nusu! Maji yameshaanza kujaa, nahodha keshakata tamaa kafunga mashua. Dereva nikamuuliza mmekwama wapi. Walitoka bandarini saa 3, wakakaa foleni ya Mtwapa, hilo nalielewa, kila mtu anaijua barabara ile. Lakini wakasimama maduka mawili ya vinyago, kwa sababu dereva ana kamisheni yake pale. Na kinachoniuma kuliko vyote, njia panda ya Gede wameipita hivi hivi, hawakukata kona! Eti wataiona wakirudi. Gede iko kabla ya Malindi ukitoka Mombasa, kilomita kama 16 tu kutoka kwetu. Mtu aliyechelewa hakati kona akirudi.

Sasa nyinyi pigeni hesabu. Meli ilitaka kila mtu awe ndani saa 11 jioni. Malindi mpaka Mombasa ni kilomita 120 hivi. Barabara ikiwa nyeupe unatumia saa 2, na nyeupe huwa ni nadra, weka 3. Kwa hiyo saa 8 lazima gari liwe limeng'oa. Watu wamelipa siku nzima, wamepata nusu saa ya Malindi! Wakapelekwa kwenye nguzo ya Vasco da Gama, picha, ndani ya gari. Wali wakaula wamesimama.

Pale nguzoni mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, akanijia na karatasi mkononi akaniuliza kwa upole kabisa: "Punda wako wapi?" Nikaichukua ile karatasi. Juu kuna picha ya Lamu: gati, majahazi, punda wamebeba mawe. Chini yake, kwa herufi kubwa, MALINDI. Nilikosa la kumwambia. Amevuka bahari kuja kuona Lamu, na mtu kamuuzia kwetu akijua kabisa kwamba hatajua tofauti mpaka afike.

Jamani, hii ni miji miwili! Lamu kwa barabara kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 300: unapita hapa kwetu, unakwenda Garsen, Witu, vizuizi vya polisi njiani, unafika Mokowe, kisha unapanda boti ndiyo ukanyage kisiwa. Hata ukienda kwa ndege unashuka Manda na bado unavuka maji. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001 kwa sababu watu bado wanaishi ndani yake kwa mtindo wake, na mji wa namna hiyo unataka ulale, usikie adhana ya alfajiri kwenye vichochoro. Mtu ambaye meli yake inakaa bandarini kwa muda wa saa 9 tu usimtajie Lamu kabisa.

Na hata Malindi usimtajie! Ndiyo, nasema mimi ninayekula kwa Malindi. Mgeni akiniuliza pale geti la bandari, jambo la kwanza ningetaka kujua ni saa alizo nazo, kabla ya kumtajia mji wowote. Ana saa 5 au 6, abaki Mombasa: Mji wa Kale na Fort Jesus, ngome iliyoanzwa 1593, vinamtosha na atakula kwa raha. Akitaka magofu bila kwenda mbali, Jumba la Mtwana liko hapo Mtwapa, limekaa juu ya bahari, kimya, na karibu kila gari linalipita. Ana saa 8, aende mpaka magofu ya Mnarani, Kilifi. Akiwa na 10 na ameondoka mapema bila kusimama dukani, basi Gede, na ageuzie pale pale. Gede ni msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, kaburi lililochongwa mwaka wa Hijria 802, yote ndani ya msitu. Tangu 2024 nayo imo kwenye Urithi wa Dunia. Ukimpitisha mtu nje ya lango lake ukampeleka kupiga picha nguzo, umemwibia. Malindi yenyewe iacheni kwa meli inayolala bandarini.

Ninachotaka ni kidogo. Karatasi ya safari ionyeshe picha ya mahali penyewe, kilomita, na saa ya kurudi. Wanaotoa vibali vya kuuza safari pale bandarini wazikague hizo karatasi kabla meli haijafunga gati. Na mgeni aambiwe wazi kwamba akitoka na gari la mtaani akachelewa, meli haimngoji.

NYONGEZA: Kuna ndugu ameniandikia hapo chini kwamba nafukuza riziki yangu mwenyewe. Ndugu yangu, wale 9 wamerudi melini wakiwaambia wenzao Malindi hakuna kitu. Hiyo ndiyo riziki iliyofukuzwa, na hatukuifukuza sisi. Mwingine ameuliza kama nimelipwa. Sijalipwa. Mafuta ya nahodha na pesa ya samaki nimetoa mfukoni mwangu, mama bado namwomba radhi, na yule dalali hajashika simu tangu siku ile.