MREJESHO: Simu zilizokuwa hazionani kwenye apu yangu isiyo na seva

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa aliyepitwa, niliuliza kwa nini apu yangu ya kuposti isiyo na seva ya kati inapiga kazi simu zikiwa WiFi moja, ila kila moja ikiwa kwenye data yake hazionani kabisa.

Mliosema tatizo ni NAT (ile ya mtandao kuficha simu nyingi nyuma ya anwani moja ya nje) mlipatia, asanteni sana. Nikaweka STUN, huduma ya mtandaoni inayoiambia simu inavyoonekana kutoka nje, ili kila simu ijue anwani na poti yake ya nje (poti ni namba ya mlango wa kupitishia data) halafu zirushiane pakiti za UDP (vifurushi vidogo vya data vinavyorushwa bila kuunganishwa kwanza) kwa wakati mmoja, na kweli zikaanza kuongea, nilifurahi kama mtoto. Ila simu mbili bado ziligoma, mtandao wao unabadilisha poti kwa kila unayeongea naye so ile poti uliyopewa na STUN haina kazi tena, hizo ikabidi nizipitishe TURN, seva ya katikati inayopokea data ya simu moja na kuipeleka kwa nyingine, yaani seva imerudi kwa mlango wa nyuma hahaha, japo meseji zimefungwa kwa ufunguo haiwezi kuzisoma.

Ule ushauri mlionipa wa kutunza posti kwenye simu za marafiki mtu akiwa hayupo hewani, posti zinafika ila betri inaisha fasta mno, nimeuzima kwanza.